Sarafu ya Tundu Bustanini

Mjukuu wangu Shivachi,

Mulembe kutoka Shieywe. Sisi tu wazima. Dada yako amejifungua msichana, na mvua za alasiri zimeturudia.

Umeniuliza kama sarafu uliyoichimbua bustanini huko, kwa ile mashine yako inayolia ikinusa madini, ni yako kweli. Nilipokuwa msichana, mama yangu alivaa shingoni sarafu ya tundu aliyoachiwa na baba yake. Siku moja ikamdondoka katika bustani ya mji. Tukavua viatu, tukatembea polepole kwenye nyasi zenye maji, tukiitafuta kwa nyayo. Ukungu ulishuka, nikajiona kama ninayetembea usingizini. Mara kitu baridi kikanigusa kidole.

"Mama, nimeipata!"

Aliipangusa, akaitazama sana. "Si yangu. Yangu ina mkwaruzo." Akainama, akairudisha palepale matopeni.

"Mbona unaiacha?"

"Labda kuna mwenzangu anaitafuta hii."

Amua mwenyewe, mjukuu wangu. Najua tu kwamba sarafu ya Mama hatukuipata kamwe, na kwamba jioni ile tulirudi nyumbani Mama akiimba njia nzima.

Akupendaye,
Kukhu wako