Uwanja Uliompangia Baba

Mama yangu mpendwa,

Juzi nilipanda basi kutoka Mbeya kwenda kumwona baba. Nilipoingia getini pale nyumbani Mlandege nilimkuta bustanini peke yake, amevaa lile koti lake zito, anapalilia njegere kwa vidole. Alinijua kwa jinsi ninavyokanyaga kokoto. Kabla sijamwamkia akaniambia nimekonda.

Mama, nakumbuka mwaka ule mliporudi kutoka hospitali na habari kwamba presha ya macho imeshaharibu macho ya baba, na hata kile kidogo anachoona kitaisha. Baba alijifungia chumbani. Sisi watoto tulilia. Wewe uliamka asubuhi, ukajifunga kanga machoni, ukaanza kutembea uwanjani huku umenyoosha mikono. Ulijikwaa kwenye jiwe la kufulia. Kamba ya nguo ikakukata shingoni. Ukaangukia banda la kuku, na majirani waliokuwa wanachungulia wakaanza kusema umechanganyikiwa. Nilikukimbilia nikakuuliza unafanya nini.

"Nataka nikutane navyo mimi kwanza," ulisema, ukanituma nikalete jembe.

Ulifanya hivyo wiki nzima, kila ulipojigonga ukiweka alama kwa jivu. Halafu ukaupanga uwanja upya. Banda la kuku ukalihamishia chini kabisa kwenye mteremko, kamba ya nguo ukaipeleka nyuma ya jiko. Njia ya kutoka mlangoni hadi getini ukaimwagia kokoto, ile ya chooni ukaipanga matofali pembeni ili mguu uyaguse. Pale njia inapokata kona ukapanda mchaichai, suruali ikiupapasa tu harufu inapanda, na baba anajua ageuke. Kwa bustani uliagiza mabanzi ya mbao kutoka Mafinga, ukainua matuta mpaka usawa wa kiuno, ili asiiname kutafuta ardhi iko wapi. Hukuwahi kusomea kazi hiyo. Mpaka leo nikiona nyumba za watu zenye bustani za kupendeza, naona zimepangwa zitazamwe. Yako uliipanga ishikwe.

Na hukumshika baba mkono. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Siku ya kwanza alipotoka nje ulikaa jikoni, mlango wazi, unachambua mboga bila kuzitazama. Alipofika bombani na kufungua maji, ulijifuta uso kwa upindo wa kanga.

Ulipotutoka, kaka Festo alikuja kutoka Makongolosi kwenye duka lake, na baada ya mazishi alituita sebuleni. Alisema uwanja wote ule umekaa bure wakati barabara imeshapita mbele. Tujenge fremu za maduka kuanzia getini hadi kule kwenye matuta, na baba akaishi kwake. Hakuwa na nia mbaya, mama. Alikuwa akimwonea baba huruma.

Baba aliinuka, akachukua bakuli mezani, akatoka. Festo akamfuata kwa nyuma kimyakimya, akidhani ataanguka. Mimi nilikuwa dirishani. Baba alishuka hadi kwenye matuta, akachuma spinachi, jani changa analiacha na lililokomaa analichukua. Akaenda bombani akaziosha, akapita kwenye mchaichai, akarudi ndani na kumpa wifi, mke wa Festo, bakuli.

Festo alibaki amesimama nje muda mrefu. Aliporudi alikaa karibu na baba.

"Kule kwangu ungeyaweza haya?" akamuuliza.

"Kule kwako ningekaa kitini," baba akajibu.

Habari ya fremu ikaishia hapo. Asubuhi yake kaka alikuwa nje anang'oa mabanzi yaliyooza ili aweke mapya.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Baba amebadilisha kitu uwanjani kwako, mara ya kwanza tangu uondoke. Amemwita fundi atengeneze benchi, akaliweka ukutani upande wa magharibi, jua la jioni linapopiga na upepo haufiki. Nilimuuliza kwa nini pale.

Akasema, "Nimeuzunguka huu uwanja wote kwa mikono. Mama yako alimwekea kila mtu mahali pake, hata kuku. Yeye mwenyewe hakujiwekea hata pa kukaa."

Alimpimia fundi urefu kwa mikono yake. Ni benchi la watu wawili. Jioni hukaa upande wa kushoto, na juzi nilipotaka kukaa karibu naye, aliniomba kwa upole nikachukue kigoda jikoni.

Pumzika, mama. Ulijua kupenda.

Ni mimi, kitindamimba wako.