Waya Ulioning'inia Nje ya Mkia

2 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini magoti yamepunguza fujo na kuku wanataga bila kukununia. Mimi mzima, ila mgongo unadai haki yake. Kutwa tunafunga nondo za jengo refu, ghorofa juu ya ghorofa.

Usicheke: nimeunda ndege. Ni ndogo, ya kuongozwa kwa rimoti, lakini ina injini ya mafuta, inanguruma kama pikipiki iliyotukanwa. Kando ya jengo kuna uwanja ambako watu huzirusha Jumapili. Nyapara aliniona nimeibeba, akasema mbele ya wenzangu, "Wewe kazi yako nondo. Vya angani waachie wenyewe."

Nikamuuliza, "Bosi, jengo lako limefika angani kwa mikono ya nani?"

Akasema basi, nirushe, na ikianguka niivunje mwenyewe kwa nyundo yake. Nikakubali.

Kimebaki kipokezi, kile kisanduku kinachosikia rimoti na kuuambia mkia la kufanya. Muuza duka alinipa kimoja kidogo kama ukucha, cha ndege za kuchezea sebuleni. Nikakirudisha; masikio yake hayafiki mbali. Nimechukua cha zamani kinachoelewana na rimoti yangu. Antena yake ni waya mrefu, unaburuzika hadi nje ya mkia.

Mwanao, Kichwa Kigumu

21 Machi

Marahaba, mwanangu.

Magoti yapo, yananitii yakitaka. Mjomba wako aliisoma barua yako kwa sauti, akacheka mpaka chai ikampalia. "Mtu mzima na ndevu zake anachezea ndege!" Hata mimi nilitaka kukugombeza. Lakini huyo nyapara alizaliwa na mabawa? Nani kamgawia anga?

Irushe. Na ukiianza kazi hiyo, usiniletee habari za nusu.

Mama yako

9 Aprili

Mama, shikamoo. Kifua chako vipi na vumbi la sasa?

Habari ni ya nusu. Msimamizi wa uwanja, mzee tunayemwita Kepteni, hamruhusu mtu kurusha kabla ya kupimwa. Unaifupisha antena ya rimoti, unarudi nyuma huku ndege imeshikwa chini, na mkia lazima uendelee kukutii. Wangu ulinitii kidogo tu, kisha ukapagawa. Kepteni akainama kuutazama mkia. "Antena ya kipokezi iko wapi?"

Niliikata, mama. Mfunga nondo akiona waya umebaki nje ya fundo, koleo linakata kabla kichwa hakijaulizwa. Kumbe urefu ule ndio usikivu wenyewe.

Nyapara, aliyekuja na wenzangu kutazama, akaninyooshea nyundo. Nikamwambia, "Tulisema ikianguka. Haijaruka, itaangukaje?" Safari hii wenzangu walimcheka yeye.

Nimeweka waya mpya, urefu ule ule. Sasa injini ikizimwa, mkia umetulia, ikiwaka, unatetemeka. Kepteni anasema mtikisiko unakifikia kipokezi. Nimekibana kwa vitambaa hadi hakisogei, na bado. Jengo likikamilika tutahamishiwa mbali, kusiko na uwanja. Nyapara anahesabu ghorofa huku anatabasamu.

Mwanao

28 Aprili

Marahaba, baba.

Kifua kizuri. Sasa nisikilize. Nimebeba mayai kwa baiskeli tangu hujaota meno. Ukiyaacha yacheze, yanapasuka. Ukiyabana, kila shimo la barabara linayafikia. Yai linalazwa: laini pande zote, na pumzi kidogo. Wewe umekikaba kisanduku kama nondo. Kilegeze.

Kwenye bahasha kuna sponji. Nimeikata kwenye kiti cha marehemu baba yako. Mjomba wako amenuna, eti naharibu kumbukumbu. Nimemwambia kama anaitaka kumbukumbu, aje aikalie. Mwanangu ana safari.

Na Jumapili, koleo liache chumbani.

Mama yako

17 Mei

Mama, shikamoo.

Mgongo sitauzungumzia leo. Nilikizungushia kipokezi ile sponji, nikakilaza, sikukikaba. Injini ikawaka. Nikarudi nyuma hadi Kepteni akapaza sauti, "Inatosha, utatoka nje ya uwanja!" Mkia haukutikisika.

Jengo limekwisha. Wameweka mlinzi mlangoni, na sisi tuliofunga nondo za ghorofa ya juu haturuhusiwi hata kupanda ngazi. Hata hivyo sikuipitisha ndege juu ya jengo, isije ikamwangukia mtu. Niliizungusha hapo hapo uwanjani, ikapanda, ikapanda, mpaka nikaiona iko juu kuliko paa la jengo. Nyapara alitazama hadi kofia ikamdondoka.

Ilitua vibaya. Gurudumu moja likapinda, ikalala ubavu.

"Imeanguka," akasema, akaninyooshea nyundo.

Nikaipokea. Nikapiga magoti, nikanyoosha nayo chuma cha gurudumu, gonga, gonga, nikamrudishia. "Asante, bosi."

Kisha nikawasha tena.

Mwanao