Pushapu za Makofi Kwenye Saruji

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Mvua za huko Msangano zimewaacha salama? Yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi ni mzima, bado nalinda yadi ya malori hapa Tunduma, ila hofu imeniingia, ndiyo maana naandika haraka.

Tumeletewa mkuu mpya wa walinzi. Kila Jumatatu anatupanga kwenye sakafu ya saruji tupige pushapu za makofi: unajisukuma kwa nguvu mpaka mikono inaachia ardhi, unapiga kofi hewani, unatua. Anayeshindwa hana kazi.

Aliyenifundisha ni mlinzi mwenzangu Daudi, mtu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. "Usikimbilie, Masanja," aliniambia. "Pasha mabega kwanza. Anza kwa kusukuma ukuta, halafu piga ukiwa umeweka magoti chini, tena kwenye majani. Ukitua, kunja viwiko, usivikaze. Tano, pumzika. Mikono ikianza kutetemeka, acha." Nilimfuata, hata kifundo cha mkono kilichokuwa kikiniuma kikatulia.

Jumatatu iliyopita mvua ilikuwa imenyesha, saruji inateleza. Daudi alipiga kumi, akasema, "Mkuu, nimechoka."

Mkuu akacheka. "Kumi nyingine, au rudi kwenu."

Alipiga saba, baba. Ya nane mkono mmoja uliteleza, mwingine ukapokea mwili wote ukiwa umenyooka. Tulisikia mfupa ukilia kama bua kavu. Sasa mkono umefungwa, dada yake ndiye anayemlisha, na nafasi yake iko wazi.

Jana mkuu aliniuliza, "Mdogo wako mwenye mabega, Shija, anakuja lini?" Sikuwahi kumtajia Shija. Kumbe dereva wa lori la mpunga ndiye aliyemweleza, na mkuu amemtuma amchukue siku ya mnada wa huko, aje naye hapa. Baba, usimruhusu apande. Msomee barua hii wewe mwenyewe, asije akadhani namwonea wivu.

Mimi Jumatatu nitapiga tano, nitasimama. Akinifukuza, nitarudi tulime.

Nisalimie bibi, na shangazi muuza karanga, na mzee wetu wa kanisa. Barua nimempa mama mmoja anayekuja huko kununua kuku. Lori la mpunga limeondoka asubuhi hii, yeye anaondoka kesho; naomba Mungu barua iwahi kabla Shija hajapanda.

Ni mimi mwanao,
Masanja