Waliolisukuma Lango

Papa mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kwa moyo wote. Maji ya ziwa yameshatoka uani? Na kikohozi cha Mama? Mimi niko mzima hapa Durban, kazi iko.

Hiyo kazi ndiyo nataka kukueleza. Kule mtaa wa Bluff ninamtunza mzee mmoja, mwalimu wa historia aliyestaafu. Mezani amejenga kwa mbao mfano wa shamba la Ubelgiji lenye kuta nene, ambalo Waingereza na wenzao walililinda siku nzima dhidi ya jeshi la Napoleoni. Macho yake yamefifia, basi yeye ananielekeza, mimi nabandika askari wadogo kwa gundi.

Jumanne tukafika kwenye lango la kaskazini. Akanisimulia jinsi Wafaransa walivyolivunja wakaingia, mbele yao jitu lenye shoka. Wachache waliokuwa ndani wakaliegemea kwa mabega, wakasukuma mpaka likafungika. Majengo yaliungua, lakini shamba halikutekwa.

Papa, nilishindwa kujizuia, nikalia.

"Eish, nimesema nini vibaya?" akauliza.

Nikamweleza asubuhi ile watu wenye bunduki walipokuja kwetu Uvira. Wewe na jirani yetu Baba Riziki mkalizuia geti kwa migongo, sisi na Mama tukiwa chini ya kitanda. Risasi ikatoboa bati la geti, ikakuchana begani. Hukuachia mpaka walipochoka wakaenda zao.

Mzee akauliza, "Baba yako anaitwa nani?"

"Kashindi."

Akapapasa boksi, akatoa askari mmoja. "Mweke Kashindi wa kwanza. Bega liguse mbao."

Nikamweka. Kando yake nikamweka mwingine, Baba Riziki.

Siku ile Mama alikufunga kitambaa, ukauliza kama tumekula, na hatukuizungumzia tena. Nilipokuwa msichana nilikukasirikia kwa kufunga geti jua likiwa bado juu, wenzangu wakicheza barabarani. Nilikuita mkali. Nisamehe.

Nisalimie Mama, shangazi anayeuza samaki wa ndagala, na kaka yangu na mkewe. Baba Riziki mwambie naye amesimama langoni, ubavuni pako.

Jumapili nitapiga simu. Najua utaniuliza habari za mvua. Tafadhali Papa, niache kwanza nikushukuru mpaka nimalize.

Binti yako akupendaye,
Furaha