Kengele Aliyoisikia Jaji

Alhamisi, Ingleburn, pembezoni mwa Sydney. Baridi, na mawingu hayajaachia tangu asubuhi.

Nimerudi kutoka kazini mapema, hata viatu sijavua. Leo nimesema jambo nililolificha siku kumi na moja.

Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi yupo mama wa Afrika Kusini, jaji mstaafu, aliyeletwa Sydney na binti yake. Namwogesha, yeye ananisimulia. Alipoanza uwakili, jaji mmoja alimtuma chai akidhani ni mhudumu. Aliileta. Kisha akavaa joho, akasimama kumtetea mteja wake. Miaka mingi baadaye alikikalia kiti kilekile cha jaji yule.

Namwita Mama. Yeye huniita binti yangu.

Siku kumi na moja zilizopita, mzee wa chumba cha jirani yake alianguka, akabonyeza kengele. Msimamizi wetu akasema, "Mwache, amezoea kusumbua." Tulimkuta sakafuni baada ya saa nzima, nyonga imevunjika. Msimamizi akaandika kwenye ripoti kwamba tulifika mara moja.

Nikaweka sahihi.

Niliogopa. Miaka kumi na minne katika kambi ya wakimbizi Kigoma ilinifundisha kutogombana na mwenye karatasi.

Leo, nikimchana nywele, Mama akaniuliza, "Yule mzee alipatwa na nini? Nilisikia kengele ikilia muda mrefu."

Nikaendelea kuchana.

Hakunikaripia. Akanieleza kesi isiyomtoka moyoni: mwanamke, mfanyakazi wa nyumbani, aliyepigwa na mwajiri wake. Mpishi aliona yote, lakini mahakamani akasema hakuona kitu. "Nilijua ni hofu. Ila ushahidi haukutosha, nikamwachia yule bwana. Watu hunisifu kwa hukumu zangu kubwa. Mimi namkumbuka yule mwanamke alivyotoka mlangoni."

Nikamuuliza kama mpishi alikuwa na watoto.

"Watano. Sijawahi kumlaumu."

Nikaweka kitana chini, nikaenda kwa meneja. Kiingereza kilinikimbia, nikaanza upya. Nilieleza yote, pamoja na sahihi yangu. Akaandika, akaniambia nikasubiri nyumbani hadi nitakapoitwa.

Sijui kama kazi bado ninayo.

Binti yangu alipotoka shule alishangaa kunikuta. Nikamwambia ukweli, kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiingereza chake, "Na yule babu, umemwomba msamaha?"

Bado.

Jumamosi nitapanda treni kwenda hospitalini alikolazwa.