Ulichosikia Ndege Ilipotulia

Mjukuu wangu Wakesho,

Natumai umeshazoea tena baridi ya huko. Sisi hapa Voi tupo, joto halitupi nafasi, na mamako amepanda mlimani, kijijini Mghange, kuvuna maharagwe. Mimi situlii. Nakaa niandike, nainuka, narudi.

Unaniuliza kwa nini hukupata usingizi kwenye ndege walipokuhamishia daraja la kwanza. Kiti kilikuwa kitanda, injini zikabaki mvumo wa mbali, mpaka ukasikia kijiko cha abiria wa nyuma kikigonga kikombe.

Nilipokuwa msichana Mghange, mvua ikipiga mabati ilibidi tupaze sauti ndipo tusikizane. Baba akachoka, akaweka dari ya mbao. Mvua iliyofuata tuliketi kama wageni nyumbani kwetu, tukifurahia ule utulivu. Ndipo tukasikia kikohozi chumbani, kirefu, cha ndani kabisa. Kumbe siku zote mama alikuwa akingoja mvua inyeshe ndipo akohoe.

"Ungeyaacha tu mabati yapige kelele," mama alimwambia baba.

Alitibiwa, akapona, mengine tuyaache. Ila tangu siku hiyo, mahali pakinyamaza ghafla mimi hutega sikio.

Wewe nawe, kila ukinipigia simu uko barabarani, magari yanapita, unaniambia uko sawa. Jumapili nipigie ukiwa chumbani, umefunga mlango. Hata usiposema kitu, nitasikia.

Ni mimi nyanyako,
Mghoi