Pale Ulipogeuza Kitambaa

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mpiga gitaa wetu ameoa, siku hizi anaingia ndani mapema kama kuku.

Albamu imekamilika, tumeitoa wenyewe bila kampuni ya mtu. Siku ya kwanza studio tuliboronga kila wimbo. Ngoma zilikimbia, besi yangu ikapotea, hadi mwimbaji akafoka: “Jamani, cherehani haipo!”

Tulicheka mpaka machozi. Miaka yote tulifanyia mazoezi chumbani kwako, nawe hukuacha kushona hata siku moja. “Pigeni kelele zenu, mimi nina nguo za watu.” Kumbe tulikuwa tunakufuata wewe. Ulipotulia kugeuza kitambaa, nasi tulinyamaza. Sasa watu wanausifu ukimya huo, eti ni mtindo mpya!

Basi nikavua kiatu, nikakanyaga sakafu kama ulivyokanyaga cherehani, na nyimbo zikakaa sawa.

Baba ameniambia mguu wako wa kulia haukanyagi tena.

Ahsante, Shangazi. Ukimya wako tumeuacha palepale kwenye kila wimbo. Geuza kitambaa polepole, tunakusubiri.

Mwanao wa besi